Waya mmoja uliolegea unavyoweza kusimamisha mtambo mzima

MKAZI wa Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, anapofungua bomba na kukuta maji hayatoki, hufikiria kwanza kukatika kwa umeme, kupasuka kwa bomba au kuungua kwa mota ya pampu.

Ni nadra kufikiri kwamba chanzo chaweza kuwa waya mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, uliolegea mahali ulipofungwa ndani ya kabati la umeme katika mkoa mwingine.

Manispaa ya Shinyanga, yenye kata ya Kolandoto, hutegemea kwa sehemu kubwa maji ya Ziwa Victoria. Huvutwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, kupitia mradi uliozinduliwa mwaka 2009 na Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete.

Pampu huyasukuma hadi kwenye tenki lililojengwa mlimani, kisha huteremka kwa mserereko kuelekea Shinyanga na Kahama. Kwa hiyo, mota zikisimama, suala la muda tu ndilo hubaki kabla ya ukame kufika mijini.

Si maji pekee yanayotegemea mota kubwa katika ukanda huu. Mashine za kusaga mawe ya almasi Mwadui, na winchi ya kupandisha mawe ya dhahabu kutoka chini ya ardhi Bulyanhulu, mgodi ulioanza uzalishaji mwaka 2001, nazo huendeshwa kwa mota.

Mtambo wa namna hiyo huwa na nyaya za aina mbili. Aina ya kwanza hubeba nguvu ya kuzungusha mota, nayo ni minene, yenye mamia au maelfu ya volti.

Aina ya pili hubeba ishara, yaani amri na taarifa: washa, zima, ongeza kasi, tenki limejaa, mota imepata joto. Hizi mara nyingi hutumia volti 24 tu. Ni kama ng'ombe wa jembe: nguvu ni zake, lakini kamba inayomwongoza ni nyembamba.

Kwa vipimo kama kina cha maji, viwanda vingi hutumia mkondo wa kati ya miliampia 4 na 20. Miliampia 4 humaanisha kiwango cha chini kabisa, na 20 kiwango cha juu.

Kiwango cha chini hakikuwekwa kwenye 0 kwa makusudi. Waya ukikatika, mkondo hushuka hadi 0, na mtambo hutambua kuwa kilichoharibika ni waya, wala si kwamba tenki limekauka.

Kwa sababu hiyo hiyo, kitufe cha dharura huunganishwa ili umeme upite humo wakati wote mtambo unapofanya kazi. Waya wake ukikatika, mtambo husimama badala ya kuendelea bila breki.

Tatizo gumu zaidi ni waya usiokatika bali uliolegea. Ishara hupotea na kurudi, pampu huzimika ghafla, na fundi anapofika kupima hukuta kila kitu kizima. Pampu ikizimika ghafla, msukumo wa maji waweza hata kupasua bomba.

Nyaya hizo hukutana kwenye vituo vya kuungia, ambavyo mafundi huviita temino. Zamani karibu zote zilikuwa za skrubu. Mtikisiko wa mashine, pamoja na joto la mchana na baridi ya usiku, huweza kuilegeza skrubu kidogo kidogo.

Baadhi ya mafundi huyeyushia risasi kwenye ncha ya waya kabla ya kuifunga. Kumbe risasi hiyo hubonyea taratibu chini ya skrubu, na kifungo hulegea. Kinachofaa ni kuvisha ncha kikofia cha chuma na kukibana kwa koleo lake maalumu.

Kampuni ya WAGO ya Ujerumani ilileta temino inayobana waya kwa springi. Springi huendelea kusukuma hata mashine inapotikisika.

Siku hizi temino hukusanywa katika moduli zenye namba kwa kila waya, ambazo nyingi huchomolewa na kuchomekwa kama plagi. Kifaa cha kudhibiti kasi ya mota kikiharibika, fundi huhamisha plagi bila kufungua waya mmoja mmoja na kuhatarisha kuchanganya nyaya.

Kifaa hicho hukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde na kuzalisha kelele za kiumeme. Hivyo nyaya za ishara hutenganishwa na za nguvu, na wavu wa chuma unaozizunguka hubanwa vizuri kwenye ardhi ya umeme karibu na temino.

Ukaguzi wake si mgumu: kuzima umeme, kusubiri dakika kadhaa ili chaji iliyobaki iishe, kuvuta kila waya kwa upole, kukaza panapostahili na kusafisha vumbi.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwenye pampu ufa huo hulipwa kwa ndoo kichwani, na kwenye mgodi waweza kulipwa kwa uhai wa mtu.