Ruta ya Nyumbani katika Migogoro ya Kimtandao baina ya Mataifa: Ufafanuzi kwa Kurejelea Karatu na Ngorongoro

1.0 Utangulizi

Katika mji wa Karatu, mtandao usiotumia waya umekuwa sehemu ya vifaa vya kawaida vya nyumba, sawa na jiko la gesi na king'amuzi cha televisheni. Mji huo uko kando ya barabara ya lami inayotoka Makuyuni kupitia Mto wa Mbu hadi lango la Lodoare la Hifadhi ya Ngorongoro, na riziki ya wakazi wake wengi inategemea wageni wanaopita hapo. Kwa sababu hiyo nyumba moja aghalabu hufanya kazi mbili: ni makazi ya familia na ni mahali pa biashara, iwe vyumba vya kulala wageni, ofisi ndogo ya kupokea maombi ya safari au duka la wakala wa fedha kwa simu. Ruta iliyofungwa sebuleni huhudumia shughuli zote hizo.

Ruta ya namna hiyo pia ni kifaa ambacho, tangu mwaka 2016, kimejitokeza mara kwa mara katika migogoro ya kimtandao. Makala haya yanafafanua namna mambo hayo mawili, yaani ufungaji wa mtandao wa nyumbani na uhasama wa mataifa, yanavyokutana. Hoja kuu ni kwamba hayakutanishwi na siri za kitaalamu, bali na maamuzi machache yanayofanywa siku ruta inapofungwa. Na kwamba maamuzi hayo yameachwa mikononi mwa mtu ambaye mara nyingi hajui kuwa anayafanya.

2.0 Ufungaji wa Mtandao katika Mazingira ya Nyanda za Juu

Njia iliyozoeleka ya kuifikisha intaneti nyumbani katika maeneo haya ni ruta inayowekwa laini ya simu. Ruta hupokea mawimbi kutoka mnara wa kampuni ya simu, kisha huyagawa upya ndani ya nyumba kwa masafa ya gigahezi 2.4 au 5. Hapo huzuka mgongano ambao kila fundi wa Karatu anaufahamu. Ili kuupata mnara vizuri, ruta hutakiwa ikae dirishani, upande unaotazamana na mnara. Ili kuifikia nyumba yote, hutakiwa ikae katikati na juu. Kuta za tofali za kuchoma hufifisha mawimbi, na masafa ya gigahezi 5 ndiyo hufifia upesi zaidi ingawa hubeba data nyingi. Bati nalo huyarudisha mawimbi, hivyo banda la uani lenye kuta za bati huweza kukosa mtandao ilhali liko hatua kumi tu kutoka sebuleni. Aghalabu suluhisho huwa ni kuiacha ruta dirishani na kuchagua gigahezi 2.4.

Kuelekea Ngorongoro hali hubadilika. Kuta za kreta zenye kimo cha takribani mita 600 na misitu ya ukingoni hukinga mawimbi, na katika maboma mengi ya wafugaji hakuna ruta kabisa. Simu janja inayochajiwa kwa umeme wa jua ndiyo hugeuzwa kuwa kituo cha mtandao kwa simu nyingine. Mpangilio huo una faida ambayo haijapewa uzito unaostahili katika mijadala ya usalama: simu huzimwa, huonekana na mwenyewe kila saa, na kwa kawaida hupokea masasisho kwa miaka kadhaa. Ruta huwashwa mara moja na kusahauliwa.

3.0 Nywila Mbili

Chanzo cha sehemu kubwa ya tatizo ni kwamba ruta ina nywila mbili, na mwenye nyumba huijua moja tu. Ya kwanza ni ya kujiunga na mtandao. Hiyo ndiyo huandikwa kwenye karatasi na kubandikwa mapokezi ili wageni waione. Ya pili ni ya msimamizi, nayo hufungua ukurasa wa mipangilio ya ruta yenyewe. Anayeishika anaweza kubadili njia inayopitiwa na data, kuruhusu ruta iendeshwe kutoka mbali, au kuweka programu nyingine ndani yake. Ruta nyingi zimetoka kiwandani na nywila ya msimamizi iliyo sawa kwa kila kifaa cha toleo hilo, mara nyingine neno moja tu linalofahamika duniani kote. Fundi anapomaliza kuweka jina la mtandao na nywila ya kwanza, kazi huonekana imekwisha: intaneti imepatikana na malipo yamefanyika.

Usimbaji wa mawimbi umepata umakini zaidi kuliko nywila ya pili, na si bila sababu. Mfumo wa zamani wa WEP huvunjwa kwa dakika chache. WPA2 bado unafaa ukiwa na nywila ndefu. WPA3, uliotangazwa mwaka 2018, ni imara zaidi. Hata hivyo, usimbaji humzuia jirani au mpita njia aliye karibu na nyumba. Haumzuii mtu aliye bara jingine, ambaye hafiki kwa mawimbi ya sebuleni bali kwa upande wa intaneti. Mlango wake ni nywila ya pili, au kasoro ya programu ya ndani ya ruta ambayo mtengenezaji ameshairekebisha lakini mwenye kifaa hajapokea sasisho.

4.0 Kutoka Wizi hadi Uhasama wa Mataifa

Programu hasidi iitwayo Mirai ilidhihirisha ukubwa wa tatizo hilo mwaka 2016. Haikuhitaji ustadi mkubwa. Ilizunguka katika intaneti ikijaribu orodha ya jozi takribani 60 za majina na nywila za kiwandani kwenye kamera na ruta, na kila kifaa kilichokubali kiliingizwa katika kundi la kuelekeza maombi mengi kwa shabaha moja hadi izidiwe. Tarehe 21 Oktoba 2016 kampuni ya Dyn ya Marekani ilishambuliwa kwa njia hiyo na tovuti nyingi maarufu zikawa hazifikiki. Afrika haikuwa mtazamaji. Nchini Liberia, kampuni ya simu ya Lonestar ilishambuliwa kwa kundi la vifaa la aina hiyo, na mwaka 2019 mahakama ya Uingereza ilimfunga Daniel Kaye, aliyekiri kufanya kazi hiyo kwa malipo kutoka kwa mtu wa kampuni pinzani. Huo ulikuwa ushindani wa kibiashara. Lakini silaha ilikwisha kuonekana, na mataifa yaliiona.

Mnamo Mei 2018 watafiti wa Cisco Talos walitangaza programu hasidi waliyoiita VPNFilter. Ilikuwa imeingia katika vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi zisizopungua 54, vikiwamo vya Linksys, MikroTik, Netgear na TP-Link, na maambukizi yalikuwa yakiongezeka kwa kasi nchini Ukraini. Muundo wake unastahili kuelezwa, kwa maana unaonyesha kwa nini ushauri wa kawaida wa "zima uwashe" una mipaka. Hatua ya kwanza ya programu hiyo ilibaki ndani ya ruta hata baada ya kuzimwa. Hatua ya pili na ya tatu, zilizofanya kazi halisi ya kuchungulia data inayopita na kupokea amri, zilifutika kifaa kilipozimwa. Kisha hatua ya kwanza ilizitafuta upya. Ilianza kwa kusoma picha zilizowekwa katika huduma ya umma ya kuhifadhi picha, ambamo anwani ya seva ilifichwa katika takwimu za mahali picha ilipopigwa. Ikishindwa, ilikwenda kwenye anwani ya akiba. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliitwaa anwani hiyo ya akiba kwa amri ya mahakama, kisha likawaomba watu wazime na kuwasha ruta zao: kila iliyoambukizwa ingepiga hodi kwenye mlango ambao sasa ulikuwa wa wapelelezi. Programu hiyo ilikuwa pia na amri ya kuharibu programu ya ndani ya ruta, ili kifaa kisiwake tena. Mwezi Februari 2022, Uingereza na Marekani zilieleza kuwa mrithi wake, Cyclops Blink, ni kazi ya kundi la Sandworm, ambalo zilikwisha kulihusisha na upelelezi wa kijeshi wa Urusi.

Kesi mbili za mwaka 2024 zinakamilisha picha. Mwezi Januari, Marekani ilitangaza kuwa imesafisha mamia ya ruta ndogo zilizotumiwa na kundi liitwalo Volt Typhoon, ambalo iliihusisha na China, tuhuma ambazo China imezikanusha. Nyingi kati ya ruta hizo zilikuwa za Cisco na Netgear zilizokwisha muda wake wa kupewa masasisho. Ruta hazikuwa shabaha, zilikuwa pazia. Mdukuzi alipita ndani yake ili aonekane kama mkazi wa kawaida anapojongelea mifumo ya umeme, maji na mawasiliano. Mwezi uliofuata ilitangazwa kesi ya ruta za Ubiquiti. Humo wahalifu wa kawaida ndio walioingia kwanza, kwa kutumia nywila za msimamizi za kiwandani ambazo hazikubadilishwa. Ndipo kikosi cha upelelezi wa kijeshi wa Urusi kikazitumia ruta zilezile kwa ujasusi. Kesi hii ndiyo yenye funzo kubwa kuliko zote kwa msomaji wa Karatu: dola kubwa haikuvunja mlango. Iliukuta wazi.

Si kila shambulio hupita sebuleni kwa mtu, na kudai hivyo ni kutia chumvi. Mwezi Juni 2020, mvutano wa Ethiopia na Misri kuhusu Bwawa la Abay ulipopamba moto, wakala wa usalama wa mitandao wa Ethiopia ulisema umezuia mashambulizi ya makundi yaliyoko Misri, mojawapo likijiita Cyber_Horus, yalilenga tovuti. Julai 2023, mfumo wa eCitizen wa Kenya ulilemewa na kundi la Anonymous Sudan, lililodai kuwa Kenya inaingilia mambo ya Sudani. Nguvu za kundi hilo zilitokana hasa na seva za kukodi. Ruta ya nyumbani ni nyenzo mojawapo tu, ila ndiyo pekee ambayo gharama yake hubebwa na mtu asiye upande wowote.

5.0 Kinga Isiyokusudiwa

Kwa nini basi Karatu isiwe imejaa ruta zilizotekwa? Sehemu ya jibu haihusiani na uangalifu wa mtu yeyote. Anwani za IP za mfumo wa zamani, yaani toleo la 4, zimekuwa adimu, na kampuni za simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ruta ya laini ya simu iliyo nyuma ya anwani hiyo haionekani moja kwa moja kutoka nje, hivyo programu inayozunguka ikijaribu nywila za kiwandani haiifikii. Uhaba umezaa ukuta.

Ukuta huo una nyufa. Hauzuii kitu kilichokwisha kuingia ndani, kama vile kompyuta ya mgeni yenye programu hasidi iliyounganishwa na mtandao uleule wa mashine ya wakala wa fedha. Kutoka ndani, ukurasa wa msimamizi unafikika, na nywila ya kiwandani bado inafanya kazi. Ndiyo maana kutenganisha mtandao wa wageni na wa nyumba, jambo ambalo ruta nyingi za kisasa huliruhusu, kuna manufaa makubwa kuliko kubadili nywila ya wageni kila wiki. Ufa wa pili ni wa wakati. Nyaya za nyuzi nyepesi zinapofika mtaani, na anwani za toleo la 6, zisizo na uhaba huo, zinapotumika, baadhi ya nyumba zitapata anwani inayoonekana duniani kote. Huduma itakuwa bora na kinga itakuwa imeondoka siku hiyohiyo, bila mteja kuambiwa. Mwenye hoteli anayeomba anwani ya kudumu ili atazame kamera zake akiwa Arusha huivuka mipaka hiyo mapema zaidi.

6.0 Suala la Wajibu

Mwaka 2015 wataalamu wa serikali waliokutana chini ya Umoja wa Mataifa walikubaliana kwamba taifa halipaswi kuruhusu kwa kujua ardhi yake itumike kwa vitendo vya kimtandao vinavyokiuka sheria za kimataifa. Kanuni hiyo ni ya hiari, na uzito wake umo katika maneno "kwa kujua". Tanzania ina msimamo wa muda mrefu wa kutofungamana. Tarehe 2 Machi 2022 ilijizuia kupiga kura katika Baraza Kuu kuhusu vita vya Ukraini. Ruta iliyotekwa haina uwezo wa kujizuia. Ikitumiwa dhidi ya upande mmoja, anwani itakayoonekana katika kumbukumbu za aliyeshambuliwa ni ya Tanzania.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayeingia katika mfumo bila ruhusa. Inamlenga mdukuzi, ambaye kwa kesi zilizoelezwa hapo juu yuko mbali na mahakama za Arusha. Anayefikika ni mwingine: anayeingiza ruta nchini, kampuni inayoiuza pamoja na laini, na fundi anayeifunga. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, inakataza kuuza vifaa vya nyumbani vya kuunganishwa na intaneti vyenye nywila moja ya kiwandani kwa wote, na humtaka mtengenezaji aeleze atatoa masasisho hadi lini. Mahali pa kuweka sharti la namna hiyo nchini papo tayari, kwa kuwa vifaa vya mawasiliano hupitia ithibati ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambayo ndani yake kimo pia kitengo cha TZ-CERT cha kushughulikia matukio ya kimtandao. Kampuni ya simu nayo ina uwezo ambao mteja hana: huona ruta inapoanza kutuma maombi yasiyo ya kawaida, na huweza kumpigia mwenyewe.

Hadi sharti hilo litakapowekwa, kazi hubaki kwa fundi, na haizidi robo saa: kubadili nywila ya msimamizi, kuzima uendeshaji kutoka mbali, kuzima kitufe cha WPS, kusasisha programu ya ndani, kuwatenga wageni, na kuiandika nywila ya pili mahali ambapo mwenye nyumba, si fundi peke yake, ataipata. Kwa sasa robo saa hiyo haimo katika bei ya ufungaji.