Kamba Wamekufa, Samaki Wako Hai: Tutafute Sababu Kabla ya Kulaumu



Zipo nyumba kisiwani kwetu zilizoweka sebuleni tangi la kioo lenye maji ya bahari, pambo la nyumba na furaha ya watoto. Hutokea watu wakaamka asubuhi na kukuta kamba amelala ubavu, konokono ameanguka na kaa hatikisiki, ilhali samaki wanaogelea kama kawaida. Lawama hapo humwangukia mtoto aliyewalisha jana, au msichana wa kazi aliyefuta kioo. Dhana ni jambo zito, na hali hii yenyewe inatoa ushahidi. Basi tuuchunguze kwanza.

Hakikisha kwamba ni kifo. Kamba na kaa hukua kwa kujivua gamba, na gamba lililoachwa hufanana mno na mwenyewe. Likiwa tupu na halinuki, mwenyewe amejificha mweneni akisubiri gamba jipya ligumu.

Iwapo wamekufa kweli, shuku shaba. Baadhi ya dawa za kutibu samaki zina shaba, na kiasi kinachomponya samaki humuua kamba na konokono. Angalia pia bawaba ya kifuniko, au kata ya shaba inayotumika kuchotea maji. Chumvi huila shaba, ikaota kutu ya kijani na kudondoka ndani. Shaba hiyo hunata mchangani na kwenye mawe, kisha hutoka kidogo kidogo. Ndiyo maana wanyama wapya nao hufa.

La pili ni dawa ya mbu na mende. Kamba na kaa ni jamaa wa wadudu, na kinachomuua mende huwaua wao pia. Pampu huvuta hewa ya chumbani na kuiingiza majini. Katika Mji wa Kale, ambako dirisha hutazamana na dirisha, hata dawa iliyopulizwa kwa jirani yaweza kuingia. Mikono yenye mafuta au manukato nayo isitiwe majini.

La tatu ni maji yenyewe. Bahari ina chumvi ipatayo gramu 35 kwa lita. Kwa joto letu maji hukauka na chumvi hubaki; kwa hiyo pengo hujazwa kwa maji matamu, kidogo kidogo kila siku. Ukiyamimina mengi kwa mara moja, kiti cha pwani huumia upesi, kwani hawezi kuidhibiti chumvi ya mwili wake. Maji ya bomba yana klorini, na maji ya visima vya mjini yana chumvichumvi na yaweza kuwa na uchafu wa vyoo. Maji yaliyochotwa Bandari ya Kale baada ya mvua ya masika huwa yamezimuliwa na kuchafuliwa na yanayotiririka kutoka nchi kavu.

Samaki nao wakipanda juu kutwetea, tatizo huenda ni hewa: umeme umekatika, au maji yamepata joto kupita kiasi.

Tiba ni kuwatoa waliokufa mara moja, kwani wakioza huyatia maji sumu nyingine. Badilisha robo ya maji kwa maji safi yenye chumvi na joto sawa na yaliyomo. Tumia mkaa maalumu wa kuchujia, si makaa ya jikoni, na upime shaba kwa vipimo vya madukani. Usilete mnyama mwingine mpaka sababu ijulikane.

Kununua wengine bila kujua kilichowaua wa kwanza ni israfu ya mali na ya roho. Wanyama hawa huchukuliwa miambani, na kuwachukua ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986, ni marufuku. Mtume wetu (S.A.W.) alitueleza habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Aliye ndani ya kioo naye hawezi kuyakimbia maji mabaya. Kayategemea macho yetu.

Wabillahi tawfiq.