Wimbo wa Makumira katika Pasaka ya Wajerumani

Ikifika Pasaka, Waprotestanti wa Ujerumani hufungua namba 116 katika kitabu chao cha nyimbo na kuimba wimbo uliozaliwa Tanzania. Ni "Mfurahini, Haleluya", maneno yake yakiwa ya Bernard Kyamanywa, aliyeyaandika mwaka 1966 alipokuwa akisomea uchungaji Makumira, Arusha. Ulrich Leupold aliutia Kijerumani mwaka 1969.

Kabla ya hapo nyimbo zilisafiri upande mmoja tu. Wamisionari walitafsiri maneno ya tenzi za Ulaya na kuziacha sauti zake zilivyo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali sauti nyingi za Kizungu hutua kwa kishindo kwenye silabi ya mwisho kabisa. Ndiyo maana mpaka leo "Bwana" husikika akivutwa kwenye "na" na "Mungu" kwenye "ngu". Waumini walizizoea, wakazipenda, na sasa ni zao kwelikweli. Ila zilimtaka mtu awe na kitabu mkononi, tena ajue kusoma.

Howard Olson, mmisionari wa Kimarekani aliyefundisha Makumira, alikusanya nyimbo zenye sauti za Kiafrika katika kitabu *Tumshangilie Mungu*. Nyingi huenda kwa mtindo ambao watu walikuwa nao tangu zamani ngomani na shambani: mmoja anaanzisha, wote wanaitikia. Bibi asiyejua kusoma hupitwa na ubeti wa kwanza, lakini ukifika wa pili ameshashika kiitikio, na ukifika wa tatu anapandisha sauti yake juu ya wengine bila kufundishwa na mtu. Hapo naye anaongoza ibada sawa na aliye madhabahuni.

Haki hiyo ya kila muumini kuimba ibadani haikuwapo siku zote. Ulaya ya zamani Misa iliimbwa kwa Kilatini, na kazi hiyo ilikuwa hasa ya mapadre, watawa na kwaya. Mwaka 1524 kikachapwa kijitabu cha nyimbo 8 tu za Kijerumani, 4 zikiwa za Martin Luther, ili fundi viatu na mkewe waikiri imani kwa vinywa vyao wenyewe. Wakatoliki nao, kwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, walisisitiza mwaka 1963 kwamba waumini wote washiriki kuimba.

Leo, katika sharika nyingi za mjini, kwaya kuu, ya vijana na ya kina mama husubiri zamu kwenye maikrofoni, na utenzi wa wote hukatwa: ubeti wa kwanza na wa mwisho, basi. Kwaya ni baraka kubwa, lakini muumini aliyeketi akirekodi kwa simu amepokonywa sehemu yake. Kumrudishia hakuhitaji harambee. Utenzi ukitangazwa, wanakwaya washuke wakasimame katikati ya watu, kinanda kipunguzwe, na beti zote ziimbwe.