Kutoa terminali ya betri si matengenezo

"Fundi, nitoe terminali ya betri kwa dakika ngapi ndipo taa ya injini izime?" Swali hili hunifikia kutoka Rombo, Loitokitok, Kimana na hata Kitengela, na muulizaji huwa na Prado, Pajero au X-Trail ya miaka mingi. Wengine wameambiwa dakika 10, wengine usiku kucha. Jibu langu ni moja: usiitoe. Taa itazima, hilo ni kweli, lakini utakuwa umefuta ushahidi ambao mimi ningeutumia kukutengenezea gari.

Kompyuta ya injini inapoona hitilafu, haiwashi taa tu. Huandika namba ya hitilafu, kisha huhifadhi hali ya injini kwa wakati uleule: gari lilikuwa mwendo gani, injini ilizunguka mara ngapi kwa dakika, maji yalikuwa na joto kiasi gani, na kompyuta ilikuwa inaongeza au kupunguza petroli kwa asilimia ngapi. Katika magari mengi ya umri huu, ukitoa terminali, vyote hivyo hupotea.

Chukua namba P0171, ambayo naiona sana. Maana yake ni kwamba hewa imezidi petroli. Mwenye gari akisomewa hivyo hukimbilia kununua sensa ya oksijeni, na mara nyingi sensa hiyo ndiyo inayosema ukweli. Tuseme kumbukumbu ipo. Naona gari likiwa limesimama, injini inanguruma, kompyuta inaongeza petroli kwa asilimia 22. Nikikanyaga mafuta hadi mizunguko 2,500, nyongeza inashuka hadi 4. Basi kuna hewa inayoingia bila kupimwa, na natafuta paipu ya mpira iliyopasuka nyuma ya sensa ya hewa, au gasketi ya manifoldi iliyochoka. Ingekuwa kinyume, nyongeza ikipanda kila injini inapobebeshwa mzigo, ningeanza na pampu ya petroli, filta yake, na sensa ya hewa yenyewe, ambayo kwa vumbi la barabara zetu za murram huchafuka haraka, hasa kwa mtu aliyefunga filta ya hewa isiyokaa sawasawa. Hizo ni hitilafu mbili tofauti kabisa zenye namba moja. Kinachozitenganisha ni zile asilimia, na ndizo ulizozifuta kwa spana namba 10.

"Lakini mimi nilitoa na gari likapona." Halikupona. Kwa hitilafu nyingi, kompyuta husubiri kuiona katika safari mbili zinazofuatana kabla ya kuwasha taa. Ukifuta kila kitu, inaanza kuhesabu upya. Hizo siku chache za taa kuzima ndizo watu wanaziita dawa. Kisha unatoka Rombo kwenda Kitengela, na ukifika Emali taa imewaka tena, sasa uko barabara ya Mombasa katikati ya malori. Katika muda huo injini nayo imepoteza marekebisho iliyojifunza, ndiyo maana magari mengine hutetemeka yakisimama, au huzima kwenye makutano, baada ya betri kutolewa.

Najua imani hii ilikotoka. Katika Toyota za miaka ya 1990, fundi aliunganisha pini za TE1 na E1 kwa waya kwenye kisanduku kilicho chini ya boneti, akahesabu taa inavyopepesa, akatengeneza, kisha akatoa fyuzi ya EFI kwa sekunde chache ili kufuta kumbukumbu. Kufuta kulikuwa hatua ya mwisho, baada ya matengenezo. Watu wakashika hatua ya mwisho wakaacha zilizotangulia. Na katika magari yaliyokuja na mfumo wa OBD-II, hata hiyo hatua si lazima: hitilafu ikiondoka kweli, taa huzima yenyewe baada ya safari tatu zinazofuatana zisizo na tatizo. Kompyuta haihitaji kudanganywa.

Wanaochomoa balbu ya taa, au wanaopasua kisafishaji cha moshi kwenye ekzosi na kuuza kilichomo, sitawajibu kwa urefu. Madini ya ndani, platinamu, paladiamu na rodiamu, yana bei, na anayefaidika si wewe.

Sasa la kufanya. Taa ikipepesa, injini inamisi, petroli isiyoungua inakwenda kuchoma ekzosi: punguza mwendo, usipande mlima na mzigo, tafuta fundi wa karibu. Taa ikikaa bila kupepesa na gari linakwenda vizuri, unaweza kufika gereji kwa utulivu. Taa nyekundu ya oili ikiwaka au mshale wa joto ukipanda, hilo ni jambo jingine, simama hapo hapo. Angalia kifuniko cha tanki, paipu za hewa, filta ya hewa, waya uliotafunwa na panya. Soma namba kwa mashine kwenye tundu la pini 16 chini ya usukani, au kwa kisomaji kidogo cha bluetooth na simu yako. Kwa gari la kabla ya tundu hilo, tafuta fundi anayejua kuhesabu mipepeso. Piga picha ya namba na ya ule ukurasa wa hali ya injini kabla ya mtu yeyote kufuta. Ikiwa ni P0301 hadi P0304, yaani silinda ya 1 hadi ya 4 inamisi, hamisha koili ya silinda iliyotajwa hadi silinda nyingine: namba ikihama nayo, umepata mgonjwa bila kununua kitu. Usinunue sensa kwa sababu namba imeitaja. Usibadilishe vitu vitatu kwa mpigo, maana hutajua kipi kilikuwa kibovu.

Na kama terminali imeshatolewa, mwambie fundi ukweli kabla hajagusa gari, halafu liendeshe siku kadhaa hadi taa irudi, ndipo umletee.