Kupanda Kitonga kwa Kiingereza: vitenzi na vihusishi vinavyogawana kazi

Kiswahili huweka uelekeo wa mwendo ndani ya kitenzi. Kiingereza huuweka nje, katika neno dogo linalofuata kitenzi, yaani kihusishi. Tofauti hii moja ndiyo chanzo cha taabu nyingi za mwanafunzi anayejifunza Kiingereza, na akiielewa mapema hupunguziwa mzigo wa kukariri.

Msafiri wa barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya anaweza kuisimulia safari yake kwa vitenzi vitupu: basi limetoka Mikumi, limevuka daraja, limepita Ruaha Mbuyuni, limepanda mlima Kitonga, abiria wameshuka Iringa. Kila kitenzi kinaonyesha upande wa mwendo bila msaada. Mwingereza anaweza kusimulia karibu safari yote hiyo kwa kitenzi kimoja, “go”, akibadilisha tu kihusishi: “go out of”, “go across”, “go through”, “go up”.

Kwa kuwa uelekeo umebebwa na kihusishi, kitenzi cha Kiingereza hubaki huru kueleza namna ya mwendo. “The bus crawled up Kitonga” ni sentensi ya kawaida kabisa: “crawled” inasema basi lilijikokota, “up” inasema lilielekea juu. Kiswahili hugeuza mpango huo: basi lilipanda Kitonga likijikokota. Uelekeo unatangulia, namna inafuata. Vivyo hivyo “he ran into the shop” ni aliingia dukani mbio, na “she swam across the river” ni alivuka mto kwa kuogelea. Anayefasiri neno kwa neno na kusema “alikimbia ndani ya duka” ameeleza jambo jingine: kwamba mtu alikuwa tayari dukani, akawa anakimbia humo.

Mwanaisimu wa Marekani, Leonard Talmy, aliueleza mgawanyo huu mwaka 1985. Kiingereza na Kijerumani vimo katika kundi linaloweka uelekeo nje ya kitenzi; Kispania, Kituruki na Kiebrania vimo katika lile linaloutia ndani. Mwaka 1994 Ruth Berman na Dan Slobin walichapisha utafiti ambamo watoto na watu wazima wa lugha hizo tano walisimulia hadithi ya chura kutoka kitabu cha picha kisicho na maneno. Wasimulizi wa Kiingereza walitumia vitenzi vingi vya namna ya mwendo na kurundika vihusishi nyuma ya kitenzi kimoja. Wale wa Kispania walieleza zaidi mandhari, wakamwachia msikilizaji aone njia mwenyewe.

Zaidi ya vitenzi vyenyewe, Kiswahili kina nyenzo nyingine mbili za kueleza mahali na mwendo. Ya kwanza ni kiambishi -ni. Mtu yuko nyumbani, amekwenda nyumbani, ametoka nyumbani: neno nyumbani halibadiliki, kazi yote imefanywa na kitenzi. Kiingereza kinadai “at home” katika sentensi ya kwanza na “from home” katika ya tatu, na katika ya pili husema “gone home” bila kihusishi chochote. Ndiyo maana wanafunzi wengi husitasita kati ya “at”, “to”, “in” na “from”: lugha yao haijawahi kuwadai uchaguzi huo kwenye jina la mahali.

Ya pili ni kauli ya kutendea. Aliyehama Iringa ameiacha. Aliyehamia Iringa amekwenda kukaa huko. Aliyekimbia mji ameukwepa. Aliyekimbilia mji ametafuta hifadhi humo. Anayeruka mtaro anapita juu yake, anayerukia basi anaishia ndani yake. Silabi moja ya Kiswahili inafanya kazi ambayo Kiingereza hukipa kihusishi: “move from” na “move to”, “jump over” na “jump onto”. Mwalimu akizipanga jozi hizi ubaoni, mwanafunzi huona kwamba kihusishi cha Kiingereza ni ndugu wa kiambishi anachokitumia kila siku.

Kiingereza nacho kina vitenzi vinavyofanana na vya Kiswahili: “enter”, “ascend”, “descend”. Asili yake ni Kilatini, na vingi vya aina hiyo viliingia kupitia Kifaransa baada ya Wanomani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Mswahili huviona vyepesi, lakini vina sauti ya kiofisi. Katika mazungumzo Waingereza husema “go in”, “go up”, “go down”. Kuchanganya mifumo hii miwili ndiko kunakozaa kosa la “enter into the bus”. “Enter” tayari ina maana ya kuingia, hivyo kihusishi kimezidi. Kwa vyombo vya usafiri kuna kanuni rahisi: “get on” kwa basi, treni na pikipiki, “get in” kwa gari dogo.

Kutoka mwendo, vihusishi huhamia kwenye mambo yanayompata mtu. “Go through” huanza kwa kupita katikati ya mahali, kisha humaanisha kupitia shida, sawasawa na pitia ya Kiswahili. “Get over” ni kuvuka kizuizi, kisha kupona ugonjwa au huzuni. Kitenzi “look” huonyesha upana wa jambo hili: “look at” ni kutazama, “look for” ni kutafuta, “look after” ni kutunza, “look into” ni kuchunguza. Kiswahili kina kitenzi kamili kwa kila kimoja. Neno “up” nalo huweza kuonyesha ukamilifu, kama “use up”, kutumia hadi kuisha. Kiswahili hukaribia maana hiyo katika tupilia mbali na potelea mbali.

Mtunga kamusi Mwingereza Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya 1755, aliviona vitenzi hivi vyenye vihusishi kuwa kikwazo kikubwa kwa wageni. Lakini vina utaratibu. Mchukuzi wa vitunguu vya Ruaha Mbuyuni anaweza kusema “pick up the sack” au “pick the sack up”; akitumia kiwakilishi, lazima kikae katikati: “pick it up”. Kwa “look after” utengano huo haukubaliki: ni “look after the child”, na “look after her”.

Nchini Tanzania, ambako Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia sekondari, vitenzi hivi vinastahili kufundishwa pamoja na vihusishi vyake, ndani ya sentensi, kuanzia maana ya mwendo kabla ya maana ya mbali. Mwanafunzi aliyeona kwa macho “go through” ikipita mahali hatahitaji kukariri kwa nini inaeleza pia kupitia msiba.