Mbwa wa kulinda nyumba: Mtoto au aliyekomaa?

MWENYE nyumba mjini Sumbawanga anayetafuta mbwa wa kulinda hukabiliwa na uamuzi mmoja kabla ya mengine: achukue mtoto wa mbwa kwa jirani, au mbwa aliyekwishakua. Wengi huchagua mtoto kwa kuamini kwamba, kwa udogo wake, hawezi kuwa na ugonjwa. Imani hiyo ni ya hatari, kwani kichaa cha mbwa hakichagui umri.

Virusi vya ugonjwa huo huweza kukaa mwilini kwa wiki kadhaa, hata miezi, bila dalili. Mtoto wa mbwa aliyeng'atwa angali ananyonya anaweza kufika nyumba mpya akiwa mchangamfu, akaugua baadaye. Naye ndiye anayebebwa na watoto, na mkwaruzo wa meno yake madogo hufutwa kwa kanga na kusahauliwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na takriban asilimia 40 ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa nao ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Kwa kawaida chanjo hutolewa kuanzia miezi 3, lakini WHO inashauri hata walio chini ya umri huo wachanjwe wakati wa kampeni.

Faida ya mtoto wa mbwa ni kuzoeshwa. Umri wa wiki 3 hadi 14 ndio anaojifunza kutoogopa watu na mifugo. Hata hivyo, asitenganishwe na mama yake kabla ya wiki 8, hasa Juni na Julai, usiku wa Ufipa, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, unapokuwa wa baridi kali. Ugali mtupu haumtoshi, aongezewe dagaa. Na asitarajiwe kulinda chochote kabla ya kukaribia mwaka mmoja.

Mbwa mkubwa hubweka tangu siku za mwanzo, na tabia yake huonekana. Udhaifu wake ni kutoroka kurudi kwa bwana wake wa zamani. Anayempokea aulize swali moja bila haya: kwa nini anatolewa, amewahi kumng'ata mtu?

Kwa nyumba yenye watoto na mtu anayeshinda nyumbani, mtoto wa mbwa anafaa zaidi. Mwenye duka anayehitaji ulinzi sasa achukue mkubwa, kutoka kwa mtu anayefahamika na mwenye cheti cha chanjo. Mbwa wa kuokotwa sokoni apelekwe kwanza kwa ofisa mifugo.

Yeyote atakayeng'atwa, na mdogo au mkubwa, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.