Muuguzi wa Wazee Hufunzwa Kando ya Kitanda

Wengi wetu tunatamani kusomea uuguzi chuo kikuu. Lakini ni wangapi wanaotaka kuwauguza wazee? Eti kazi hiyo haina raha! Na hali ujana ni moshi, ukienda haurudi. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zake pamoja na Serikali. Basi mtunzaji huyo hufunzwa vipi?

Nilimwuliza shangazi yangu, ambaye ni mkufunzi wa wauguzi. Kwanza, alisema, mwanafunzi hufunzwa kutazama. Mzee aweza kupata nimonia bila homa kali, dalili ya kwanza ikawa ni kuchanganyikiwa. Mwanafunzi mgeni husema, "Ah, ni uzee tu." Hapo mkufunzi humwuliza, "Jana alikuwa hivi?" Maneno matatu tu, lakini huokoa maisha.

Pili, hufunzwa kwa mikono. Chukua mfano wa vidonda vya kulala. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza, ngozi yake hubanwa kati ya mfupa na godoro, damu isipite, nyama ikafa. Mwaka wa 1962, Doreen Norton, muuguzi wa Uingereza, alitoa na wenzake kipimo cha kumtambua mapema aliye hatarini. Hutazamwa mambo matano: afya ya mwili, hali ya akili, kutembea, kujisogeza kitandani na kuweza kujizuia haja. Kila jambo lina alama 1 hadi 4. Anayepata 14 au chini yake, yumo hatarini, na ageuzwe mara kwa mara.

Kujumlisha si kazi. Kazi ni kujua kama mzee hujisogeza kidogo ama kidogo sana. Kwa hivyo shangazi hutoa alama zake na mwanafunzi zake, kila mtu kivyake, kisha hulinganisha. Zikitofautiana, hurudi wote kitandani kutazama tena.

Tatu ni adabu. Mwanafunzi huvuta pazia, humwamkia mzee, humweleza anachotaka kufanya, ndipo amguse. Mzee si gunia la kugeuzwageuzwa.

Wenzangu, vitabu tutavisoma na mitihani tutaipita. Lakini jicho la uuguzi hupatikana kwa kusimama kando ya aliyetangulia. Tukiikimbia kazi hii, nani atawageuza babu na nyanya zetu, na kesho sisi wenyewe? Kalamu yangu yakoma hapo.